Magunia ya Kasyoka

Marehemu Mbithi alikuwa fundi wa televisheni Makindu. Zile zilizomshinda alizileta nyumbani, akazichoma uani apate shaba. Moshi ulikuwa wa kwake, tukamwachia. Balaa likabaki kwa mjane wake, Kasyoka, na binti yao Kanini. Daktari alimpima mtoto damu akakuta madini ya risasi, akakataza asirudi kwenye ua ule mpaka udongo wake uondolewe. Kanini akapelekwa kwa shangazi yake Mtito Andei, na Kasyoka akabaki akiongea na kuku.

Wataalamu walikuja wakamweleza kwamba sumu hiyo haiozi. Akwangue udongo wa juu, autie maguniani, angoje lori la kuuchukua. Alikwangua peke yake kiangazi kizima, leso puani. Lori halikuja. Kila alipopiga simu aliambiwa avute subira, kana kwamba subira huuzwa dukani. Majirani hakuwaambia kilichomo maguniani. Aliogopa mwanawe asije akaitwa mtoto wa sumu.

Sasa, mwethya wa huku kwetu, kikundi cha kina mama cha kusaidiana kazi, hakingoji mtu aombe. Kasyoka alipokwenda kumwona Kanini, kikundi kilikuwa kikiziba bwawa la mchanga mtoni, ambamo kijiji kizima huchota maji, ili mvua isilibomoe. Magunia ya udongo yakapungua. Katunge, mwenyekiti, akayakumbuka yale ya Kasyoka yaliyojaa tayari. Waliyabeba mgongoni wakiimba, na ua wakamfagilia.

Mvua ikanyesha, mto ukajaa. Kasyoka aliporudi akaona ua mtupu, akajua lori limefika. Alipiga magoti pale pale akamshukuru Mungu, kisha akampigia wifi yake simu amlete mtoto. Kanini alifika kesho yake, akanywa maji kikombe kizima, akatoka kucheza.

Ndipo Katunge akaja kumsalimu mtoto, akasimulia kwa fahari walivyookoa bwawa.

Kasyoka alikimbia hadi mtoni, akaingia majini na nguo zake, akaanza kuvuta magunia. Yalitoka yamepasuka, matupu. Alivuta jingine na jingine, akilia kwa sauti, na kina mama waliokuja na mitungi wakadhani amerukwa na akili.

"Msichote," akawaambia. "Hii ni sumu ya Mbithi. Ndiyo ilimgonjesha Kanini. Mmeiweka kwa maji."

Katunge, aliyemfuata mbio, aliketi mchangani. "Mama Kanini, sisi tulitaka tu kukusaidia."

"Najua. Ni mimi sikuwaambia."

Mmoja wa kina mama akamwaga mtungi wake polepole, kisha akauliza, "Sasa tutachota wapi?"

Kasyoka alisimama majini na gunia tupu mkononi. Ng'ambo, watoto wa shule walikuwa wakiteremka na vidumu vyao, na wa mbele walikuwa wameshainama kunywa.