Karai Lililokwenda Shanzu

Asubuhi ile ya mwisho Mwanamkasi alikuwa jikoni akisaga kunde za bajia, mgongo kaupa mlango. Mumewe, Mzee Changawa, akachota sukari kimya kimya.

"Baba Jalila, umekiuka!"

"Nimekiuka nini tena?"

"Amri ya daktari. Kijiko kimoja. Hicho cha pili nimekisikia."

Changawa akacheka, akanywa chai yake. Adhuhuri Mungu akamchukua Mwanamkasi.

Neno hilo la kukiuka Mwanamkasi alikuwa amekuja nalo zamani kutoka mahakama ya Shanzu. Askari wa kaunti walimkuta mtaani Bombolulu akikaanga bajia kwenye njia ya wapita kwa miguu, wakabeba karai lake. Lilikuwa la mamake, zito, jeusi tii, nalo ndilo lililomlea Jalila, binti yao. Siku ya kesi Changawa akakaa benchi la nyuma.

"Unashtakiwa kwa kukiuka sheria ya kaunti," mkewe akasomewa. "Ni kweli?"

"Mheshimiwa, neno hilo mie hulisikia redioni tu. Wakubwa ndio hukiuka. Sisi huku huvunja. Mimi limenifikiaje?"

Hakimu akaweka kalamu chini. "Mama, kukiuka ni kwenda kinyume na sheria. Mkubwa, mdogo, neno ni hilo hilo."

"Na wao huchukuliwa makarai?"

Mahakama nzima ikaangua kicheko. Hakimu naye akajificha nyuma ya faili.

"Basi nimekiuka," akasema Mwanamkasi. "Njia niliiziba, wallahi. Nitahama. Lakini karai langu nirudishieni."

Akaonywa, akapewa. Akalipakata kwenye tuktuk kama mtoto mchanga.

Tangu hapo nyumbani kwao hakuna aliyevunja kitu. Paka kala samaki? Kakiuka. Jirani Rosalia kaanika nguo kwenye kamba isiyo yake? Kakiuka.

"Mama Hakimu," Rosalia alikuwa akimjibu, "mimi nakata rufaa!"

Alipozikwa Mwanamkasi, karai likatundikwa ukutani. Jalila akapata kibanda sokoni, akaliomba. Babake akakataa. Akaliomba tena, akakataa tena. Angebaki na nini?

Leo mzee kaliteremsha mwenyewe, akalipangusa, akampa. Alikumbuka maneno ya marehemu mle ndani ya tuktuk, kidole chake kikikwangua kutu iliyolishika huko stoo ya kaunti:

"Mkiukaji ni mimi, Baba Jalila. Karai lina kosa gani, hata likae bila mafuta?"