Salamu ya Utosini

Kwa miaka kumi na tisa ya kuuza sukuma wiki Kitengela, Mbeke hakuwahi kumkata mtu jicho kama siku ile, katika ukumbi mmoja wa Kajiado. Vijana wa kila kabila walikuwa wakipanda jukwaani kusema mashairi yao. Kabla ya zamu yake, binti yake Evalyne alimwinamia Nasieku, mwalimu wao wa ushairi, naye Nasieku akamgusa utosini, vile Wamaasai husalimu watoto wao.

"Kama mtoto wake!" Mbeke akanong'ona. "Na uchungu wa kuzaa nilipata mimi."

"Mama Eva, punguza moto," jirani yake Mugure akacheka. "Ni salamu tu."

Evalyne akashika maikrofoni. Alisema alizaliwa Kitengela, lakini alipoenda kutafuta kitambulisho aliulizwa kwao ni wapi. "Kwetu," akasema, "ni pale kibandani, mama aliponifunza kusoma kwa magazeti ya kufungia nyanya."

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Mbeke hakupiga. Alikuwa akimchunguza Nasieku, aone kama amesikia mama ni nani.

Evalyne akashuka, akaja moja kwa moja, akamwinamishia mama yake kichwa.

"Kichwa kinauma?" Mbeke akashtuka. Katika kabila lake watu husalimiana kwa mkono.

"Niguse, mama."

Akamgusa. Mkono ukatua utosini ukakaa papo hapo, wala hakuuondoa mpaka Nasieku alipogeuka akaona.