Kopo la Glukosi Kando ya Kitanda Changu

Miaka ile sayansikimu ilipoanza kutahiniwa katika shule za msingi, mimi ndiye niliyeifundisha shuleni kwetu Nyamasaria. Jiko letu lilikuwa darasa lisilo na vioo madirishani, lenye majiko ya makaa sakafuni. Kabla ya kipindi nilipita sokoni kununua omena, vile visamaki vidogo vya ziwani, na osuga, mboga yetu chungu; kwa jinsi nilivyobishania bei, wauza mboga wakiniona naja, walijifanya wamelala. Niliwafundisha watoto kupima unga, kuosha mboga kabla ya kuzikata, na kutoficha sahani nzima chini ya ugali.

Mwili wangu sikuukagua. Nilikuwa na kiu isiyoisha. Nilikojoa mpaka nikajua kila choo kati ya nyumbani na shuleni. Nikakonda, nyayo zikafa ganzi. Nikasema ni uchovu.

Siku moja nilisimama kando ya jiko nikiwaonyesha kusonga ugali. Msichana mmoja akanusa hewa.

"Mwalimu, kuna nyama inaungua."

"Nyama gani, na leo tuna omena?"

Akaonyesha chini. Slipa yangu ilikuwa imeyeyuka ikashikana na jiko, na vidole vyangu vya mguu vilikuwa vinatoa moshi. Sikusikia maumivu yoyote. Watoto walilia; mimi nilitazama tu, kana kwamba ni mguu wa jirani.

Mume wangu alifanya kazi mbali, kwa hiyo mama yake akaja kutoka Pap Onditi kuniuguza. Kila mgeni alileta soda au kopo la glukosi, maana kwetu hivyo ndivyo mgonjwa anavyotazamwa, na mgonjwa hakatai kitu cha mgeni.

"Nyar Otonglo," Mama aliniita, yaani binti wa Otonglo, kwetu nilikozaliwa, "kunywa upate nguvu." Hakusogea mpaka gilasi ibaki tupu.

Nilivyozidi kunywa, ndivyo kiu ilivyozidi. Kidonda kikatoa usaha, kikanuka. Wageni walijaa mlangoni. Kutoka siwezi, kuwatoa siwezi.

Mwishowe nilibebwa hadi hospitalini. Daktari alipima mkojo na damu.

"Una kisukari, Mwalimu. Mguu huu tutaukata chini ya goti."

"Daktari, hiyo ni bei ya kuanzia. Chukua vidole."

Hakucheka. "Nitatoa viwili vilivyooza. Sukari ikishuka kufikia Jumatatu, mguu unabaki. Isiposhuka, hatubishani tena."

Baada ya upasuaji nilifunua shuka, nikahesabu vidole vilivyobaki, nikahesabu tena. Daktari alikuwa mwaminifu.

Ijumaa Mama akaingia wodini na kopo jipya, tayari anakoroga.

"Mama, hiyo siwezi kunywa."

Akaacha kukoroga. "Unakataa mkono wangu?"

"Ni sukari, Mama. Ndiyo inayokula mguu."

"Kumbe mimi ndiye ninayekukata!" Akachukua mfuko wake akaondoka.

Nilitaka kumfuata. Mguu umeinuliwa juu ya mito, ningemfuata na nini? Jumamosi hakuja. Nililala nikitazama mlango, kinywa kimekauka, kopo limebaki pale kando.

Jumapili akaja. Hakunisalimia. Alimwuliza nesi, "Huyu anakula nini?" Kisha akageuka. "Haya, nifundishe kama wale watoto wako."

"Osuga, Mama. Samaki wa kuchemsha. Ugali kiasi cha ngumi."

"Ngumi ya nani?"

"Yangu."

Akaitazama. "Basi utakufa njaa." Lakini jioni alileta hivyo hivyo, na glukosi akaondoka nayo.

Jumatatu daktari alisoma majibu, akarudia kusoma. "Baki na mguu wako, Mwalimu."

Namshukuru Mungu, na yule msichana mwenye pua, na Mama. Nilirudi darasani nikichechemea, nikaongeza somo ambalo halikuwa kwenye mtihani: kabla ya kumpelekea mgonjwa chochote, muulize anaruhusiwa kula nini. Na wewe uliyelala, gilasi imeshikwa mbele ya uso wako, kataa kwa heshima, lakini kataa. Mama mkwe akikasirika, atarudi. Mguu ukienda, umeenda.