Mfalme Aliyesimama

Mwaka niliorudi kutoka chuoni bara niliigeuza riwaya moja ya kejeli kuwa mchezo wa Kiswahili. Ilihusu dola inayovunjika: majimbo yanaponyoka moja moja, na mfalme yuko kitini tu, anazidi kutia saini amri kwa nchi ambazo si zake tena. Mzaha wote ulikuwa pale kitini. Hata dari likianguka, mfalme hanyanyuki. Hilo nililirudia mazoezini mpaka wenzangu wakanichoka.

Tuliucheza baada ya alasiri, kwenye ukumbi wa klabu Mlandege. Mfalme alikuwa rafiki yangu, karani wa forodha, mwenye sauti nzito na tumbo la kifalme. Mimi nilikaa juu ya sanduku nyuma ya pazia, na daftari langu, kumkumbusha maneno. Wiki nzima sikulala vizuri: pengine ruhusa ya serikali itafutwa, pengine joho litachanika, pengine watu hawatacheka. Walicheka. Kina mama walipigana mabega. Nikajiambia, leo mji huu unamwona mtawala alivyo.

Mlango ukafunguliwa. Akaingia Mzungu mkuu wa forodha, amechelewa, kofia mkononi.

Mfalme akasimama.

Alisimama wima, mikono ubavuni, fimbo ya enzi ikamdondoka. Mawaziri wake wakasimama. Ukumbi mzima ukanyanyuka, viti vikakwaruza sakafu. Mzungu akapunga mkono watu wakae, akaenda safu ya mbele. Mfalme alimngoja akae kwanza, ndipo naye akarudi kitini. Hakuna aliyecheka tena mpaka mwisho.

Pazia liliposhuka nilimvaa.

"Miezi mitatu nakwambia usinyanyuke! Umesimama kwa nini?"

"Bwana wangu wa kazini kaingia, nkae tu?"

"Wewe ni mfalme!"

"Mfalme mpaka magharibi, ndugu yangu. Kesho asubuhi karani."

"Umeniharibia kila kitu!"

"Mimi peke yangu?" Akalivua taji la karatasi, akajipepea nalo. "Na wewe msomi, uliyekuwa nyuma ya pazia, Mzungu hata hakuoni. Mbona nlikuona umesimama, daftari kifuani kama mtoto wa skuli?"

Nilimwambia nilisimama ili nione kinachotokea. Hakunibishia, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Nilirudi nyumbani Mbweni kwa miguu, nikilitengeneza jibu lile njia nzima, na kila nilipolitengeneza lilizidi kuwa la uongo.