Mnadi na Mshipa wa Paja

Mume wa mdogo wangu watu wote wanamwita Nyundo, naye analiringia jina hilo kama cheo. Ni mnadi. Anauza makabati, vitanda na majokofu ya watu waliohama au waliofilisika, kasimama juu ya meza tangu asubuhi, anabwata. Kabati lililoliwa na mchwa analipaka mafuta mpaka ling'ae, kisha upande uliooza anaugeuzia ukutani. Sasa mtu wa namna hiyo akiumwa moyo, unadhani atafanya nini?

Moyo wake umechoka kusukuma damu. Daktari alimwambia wazi, akampa vidonge vya kutoa maji mwilini, ameze kila siku. Hakumeza. Vidonge vile vinampeleka mtu chooni kila mara, na Nyundo hawezi kushuka mezani mnada ukiwa umepamba moto. Aliniambia mwenyewe, hana haya wala soni: "Shemeji, mnadi akienda kukojoa, bei inashuka." Yaani bei ya jokofu bovu ilimshughulisha kuliko roho yake. Sikio la kufa halisikii dawa, na la huyu lilishazibwa na makelele yake mwenyewe.

Anayeteseka ni mdogo wangu. Alikuwa analala ameketi, mumewe kamwegemea, maana bwana akilala chali pumzi zinamkata. Asubuhi anaikanda miguu iliyovimba, ukiibonyeza kwa kidole shimo linabaki. Nikifungua mdomo ananikatiza: "Dada, muache, ni mume wangu." Haya, nikamuacha. Lakini yule bwana nilimdharau kwa moyo wangu wote, na sioni sababu ya kuficha.

Siku ya kliniki ilipokaribia, fundi wa kung'arisha akaanza kazi. Alimeza vidonge jana yake, akajinyima maji, usiku akainua miguu juu ya mito, ili mizani imsifu na miguu ionekane ya kijana. Tulipofika akamwambia daktari, "Nameza kila siku, mama. Muulize mke wangu." Mdogo wangu akatazama sakafu.

Daktari alikuwa mwanamke mpole, na upole wake uliniudhi. Alimkagua shingoni, akitafuta mshipa unaoonyesha moyo umelemewa kiasi gani. Shingo ya Nyundo imejaa nyama, mshipa hauonekani. Akasema, "Basi mzee, vua suruali, kisha panda kitandani. Nitakupima kwa altrasaundi hapa juu ya paja."

Nyundo akacheka. "Daktari, moyo uko kifuani. Huko chini unatafuta nini? Au somo hilo lilipofundishwa ulikuwa unaumwa?" Akanitazama ili nicheke naye. Hata tabasamu sikumpa.

Nilisimama nje ya pazia, sina hamu ya kuona mapaja ya shemeji, lakini kioo cha mashine kilikuwa upande wangu. Daktari akampaka jeli, akaweka kifaa, tukasikia damu ikivuma kwa vishindo.

"Huu mshipa unarudisha damu kwenye moyo," daktari akasema. "Moyo ukiwa mzima, damu hupita taratibu, inapanda na kushuka kidogo kwa pumzi. Yako, kila moyo ukipiga, inakatika na kurudi nyuma. Maana yake moyo umejaa, na presha yake inasukuma mpaka huku. Miguu umeipunguza, mzee, lakini mshipa hukuufikia."

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Safari hii aliumbuliwa mapema, na nilifurahi.

"Leo hulali nyumbani," daktari akaendelea. "Maji yataingia kwenye mapafu, utazama ukiwa nchi kavu."

Nyundo akaanza kazi yake. "Jumatatu nakuja."

"Leo."

"Jumapili jioni, daktari wangu. Jumamosi nina mnada."

"Leo, mzee."

"Basi nasaini kwamba nimekataa, naondoka. Mke wangu, nipe suruali."

Mdogo wangu alikuwa kaishika mkononi, ameikunja vizuri kama anavyofanya siku zote. Alimtazama mumewe, akafungua mkoba, akaisukumiza humo, akatoka. Hata mlango hakuubamiza.

Nyundo alimwita, kwanza kwa sauti ya mnadani, kisha ya kubembeleza. Hakurudi. Bwana mkubwa akabaki na chupi na shuka ya hospitali.

"Shemeji, mfuate umwambie arudi."

"Mfuate mwenyewe," nikamjibu.

Jioni nilimkuta wodini, kakaa kitandani, kidonge kiko kiganjani. Aliponiona hakutania. Alisema kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo: "Shemeji, hivi kweli ningekufa?"

"Ungekufa," nikamwambia. "Na mimi ningesimamishwa mbele ya watu nikusifu, niseme ulimpenda mke wako. Na yeye angelia, anaamini."

Akamwomba muuguzi maji ya kumezea.