Gugu Karoti na Ng'ombe wa Watu

Nilimlisha ng'ombe gugu karoti. Ningesema ni bahati mbaya, lakini ng'ombe mwenyewe alikataa: alinusa, akapiga chafya, akageukia ukuta. Nikayanyunyizia majani maji ya magadi, akala yote. Kwa hiyo kati yetu wawili, mwenye akili alikuwa amefungwa kamba, na anayesoma kidato cha tatu alikuwa ameshika ndoo.

Ubaya ni kwamba ng'ombe hakuwa wetu. Huku Tumati, mwenye ng'ombe wengi humkabidhi mwenzake ng'ombe mmoja amtunzie. Maziwa na samadi ni vya anayetunza, ndama ni wa mwenyewe. Hakuna karatasi wala muhuri. Mwenyewe akija asiridhike, anafungua kamba na kuondoka na mali yake. Huyu tulipewa na babu mmoja wa Masieda, na mdogo wetu wa mwisho, mwenye mwaka mmoja na maoni mengi, hagusi uji usio na maziwa yake. Babu alikuwa anakuja kumtazama ng'ombe wake Jumapili, baada ya ibada. Mimi nilikata majani Jumamosi.

Mama alikuwa amenituma bondeni nikakate majani ya kishona nguo. Bondeni ni mbali. Barabarani, pale malori ya vitunguu yanapopunguza mwendo, palikuwa na majani laini, yamechanwachanwa kama ya karoti. Nikajiambia karoti zimedondoka kwenye lori zikaota, nikakata yote yaliyokuwa pale. Sijui ni dereva gani anapanda karoti akiwa anaendesha.

Na nilikuwa nimefundishwa! Mwalimu wetu wa biolojia, aliyehamishiwa huku kutoka Lindi na mpaka leo anavaa masweta mawili, alileta darasani mimea mitatu: kishona nguo, bangi mwitu na gugu karoti. Akasema yote ni ya ukoo mmoja na alizeti. Nikanyoosha mkono: "Mwalimu, kama ukoo wetu tu. Wapo wanaolisha watu, na wapo wanaowasha." Darasa likaangua kicheko, nikainama kama mbunge aliyeshinda. Nilipoinuka, somo lilikuwa limeshafika mbali.

Jumapili mikono yangu ilikuwa na vipele mpaka kwenye viwiko. Mama alikamua, akachemsha, akawahi ibada. Dada yangu akampa mtoto uji. Mtoto akautema wote kwenye gauni la dada la kanisani.

"Umeweka nini humu?" dada akanifokea. "Dawa ya minyoo?"

Nikaonja maziwa. Machungu, jamani. Kabla sijajua la kufanya, mama huyo mlangoni, na babu nyuma yake.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Umekua, au ni nywele tu?"

Mama akamimina maziwa kwenye kikombe chenye maua, kile ambacho sisi hatugusi. Nikasema, "Babu, usinywe."

"Wewe mtoto," mama akasema, "utani wako uuache nje."

"Mama, sitanii."

"Ndivyo ulivyosema hata siku ile ya nyoka."

Hakukuwa na nyoka siku ile, nakubali. Babu akacheka, akavuta funda moja kubwa. Uso wake ukakunjamana wote kuelekea puani.

"Mama," akasema taratibu, "haya ni maziwa au mwarobaini?"

Nikaeleza yote, na magadi pia, kwa sababu dada alishakodoa macho tayari kunisaidia kueleza. Mama akamchukua mtoto akampakata. Babu akainuka, akaenda zizini, akashika kamba.

Hakuifungua. Kwa mkono wa pili akaokota majani yaliyobaki, akayatupa miguuni pangu.

"Profesa. Nitenganishie."

Nikachuchumaa. Kishona nguo nilikitambua haraka, mbegu zake nyeusi zilikuwa zimeshaninasa kwenye suruali. Bangi mwitu niliisugua kidogo tu, harufu ikajaa zizi zima. Yaliyobaki yalikuwa na shina lenye mifereji na vinyweleo, na vichwa vyeupe vidogo kama chenga za mchele. Nikayasukuma pembeni. "Gugu karoti, babu."

Akachomoa mche mchanga karibu na lango, usio na ua hata moja, majani yamelala chini kama sahani. "Na huu?"

Nikasugua jani, nikanusa. Haukunuka sana. Nikapapasa: vinyweleo. "Huu nao ni gugu karoti. Umeanza kuota hapa hapa."

"Basi ung'oe yote leo, na ufunge mifuko mikononi." Akaiachia kamba. "Mimi mwaka gugu hili lilipoingia kwetu nililisha ng'ombe saba. Saba! Nyumba nzima tulikunywa chai ya rangi. Akiacha kulila, maziwa yatarudi kuwa matamu."

Akamshukuru mama kwa kikombe, akaondoka. Mama alisimama langoni mpaka babu akapotea nyuma ya mahindi ya jirani. Kisha akanigeukia, akaniangalia kuanzia vipele mpaka usoni.

"Ng'ombe anabaki," akasema. "Wewe, bado nafikiria."