Kikohozi Changu cha Bel-Air

Nichekeni, lakini taratibu. Miezi mitatu nilijifua uani kwetu, komini ya Kenya, mtaa wa mji wetu, si ile nchi, kwa ajili ya majaribio ya mitindo na filamu kule Bel-Air, mtaa mwingine wa mji huu huu: mwendo wa maringo, na kikohozi cha mgonjwa mahututi.

Nilifika nimechelewa, nikakuta foleni ndefu ya wanaume mlangoni. Nikawaambia maisha yangu yote yako nyuma ya mlango ule. Wakanisukuma mbele, Mungu awabariki. Mmoja hata alinifuta vumbi viatuni.

Ndani, nilipokewa na mzee mwenye koti jeupe la daktari. Nikajua tumeshaanza kuigiza. Akanipima urefu, akanivua shati, akaniambia nitembee. Nikatembea, kiuno kikicheza.

"Kohoa."

Nikakohoa hadi magoti yakagonga sakafu. Mzee akarudi nyuma, ameziba pua.

"Papa, naweza kufa pia, mukipenda," nikamwambia mzee.

Akavua miwani polepole. "Mutoto yangu, hapa tunapima afya ya bantu ba kazi ya kulinda mugodi. Casting, ile majaribio ya filamu, iko kule juu. Kimbia, na ukohoe vile vile!"

Mlango ulikuwa wazi muda wote; foleni nzima ilikuwa imeona na kusikia. Nikapanda ngazi, shati mkononi, huku wanaume wale niliowapita kwenye foleni ya kazi wakinipigia makofi.